Deshi, Ctrl na Fomu Namba 21: Mazungumzo na Vijana wa Rasbura

Haya ni maandishi ya mazungumzo yangu na vijana wa chama, kata ya Rasbura, Lindi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, na maswali mawili matatu niliyoulizwa nimeyaingiza humo humo.

   

Katibu alipotangaza kwenye grupu kwamba leo nitazungumzia kibodi ya kompyuta, kaka mmoja akauliza: "Sasa deshi na Ctrl vinaingiaje kwenye kudai haki?" Kaka yangu, nakuona umekaa pale karibu na mlango. Nitaanza na wewe.

Yaliyotokea tunayajua. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019, na tena ule wa Novemba 27, 2024, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na sababu zilizotajwa mara nyingi zilikuwa kasoro za kujaza fomu. Kuhusu nia ya walioengua mimi nina maoni yangu na nyie mna yenu, leo tuyaweke pembeni. Mtu akishaenguliwa, silaha inayobaki ni karatasi. Pingamizi, rufaa, barua yenye nakala kwa fulani na fulani. Na muda wa kuwasilisha ni mfupi. Sasa siku hiyo nendeni steshenari mkaone. Mchapaji mmoja, foleni mpaka nje, umeme wa kubahatisha. Anachapa kwa vidole viwili, anakosea jina la mgombea, mnarudia, anahesabu ukurasa upya. Halafu aliyesimama nyuma yako anasoma kila mstari kwenye kioo, na hujui ni wa chama gani.

Kuna watu watasema kazi hizo ni za mawakili. Sawa, lakini wakili tuliye naye ni mmoja na kata ni nyingi. Na sheria yenyewe imetusogelea. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kimepungua sana. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki zipo tangu 2018, Tangazo la Serikali Namba 148. Aliye Kilwa Kivinje au Ng'apa anaweza kuandaa hati yake usiku akiwa nyumbani. Kinachomkwamisha ni vidole.

Basi tuanze na vidole. Hivi vya mwanzo nitavipita haraka maana wengi mnavyo: Ctrl na C kukopi, Ctrl na X kukata, Ctrl na V kupesti, Ctrl na Z kurudisha ulichoharibu. Mtu anayetajwa sana kwa kukata, kukopi na kupesti ni Larry Tesler, alifanya kazi hiyo miaka ya 1970 kwenye kituo cha utafiti cha Xerox, California. Amefariki 2020. Alitaka mtu wa kawaida, asiye fundi, aweze kuhariri maandishi yake bila kukariri amri ngumu. Mimi namhesabu ni mtu wetu!

Ctrl na S naisema mara mbili kwa sababu ya umeme wetu. Seivu. Kila ukimaliza aya, seivu. Usisubiri mwisho wa ukurasa, ukurasa wenyewe unaweza usiufikie.

Ctrl na F ni kutafuta. Ukishusha hukumu ya kurasa 40 kutoka TanzLII usiisome yote usiku mmoja ukitafuta neno "pingamizi". Ctrl na F, andika neno, Enter, unaruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kisha soma vizuri kurasa za jirani, maana kuna wanaonukuu sentensi moja bila kuona kwamba jaji alikuwa anaeleza hoja ya upande ulioshindwa. Shift na F3 hubadili herufi ndogo kuwa kubwa na kurudi; vichwa vya hati za mahakama vimejaa herufi kubwa, usichape upya. Ctrl na Enter hukupeleka ukurasa mpya. Wale mnaobonyeza Enter mara ishirini mpaka ukurasa uishe, acheni jamani. Ukiongeza mstari mmoja juu, kila kitu chini kinateremka na sahihi ya mdai inabaki peke yake ukurasa wa mwisho.

Sasa deshi, ambayo ndiyo imewachekesha kwenye grupu.

Kwenye kibodi kuna kitufe kimoja cha kistari, kile kilicho kando ya sifuri. Kwenye maandishi kuna vistari vitatu. Kuna kistari kifupi (-) cha kuunganisha maneno. Kuna deshi fupi (–) yenye maana ya "hadi", kama 2019–2024. Na kuna deshi ndefu (—) ya kuchomeka maneno katikati ya sentensi. Mashine za taipu za zamani hazikuwa na kitufe cha deshi, wachapaji wakawa wanagonga kistari mara mbili. Word imeurithi mchezo huo: andika neno, vistari viwili bila nafasi, neno jingine, kisha bonyeza nafasi, na vile viwili vinageuka deshi ndefu. Ukiandika neno, nafasi, kistari kimoja, nafasi, neno, unapata deshi fupi.

Ukitaka kuiweka kwa mkono, kompyuta yenye vitufe vya namba pembeni ni rahisi: ndani ya Word shika Ctrl kisha gonga alama ya kutoa iliyo kwenye zile namba za pembeni, inatoka deshi fupi. Ukiongeza Alt, yaani Ctrl na Alt na alama ile ile, inatoka ndefu. Nje ya Word, kwenye Windows, shika Alt uandike 0150 kwa fupi au 0151 kwa ndefu, kwa namba za pembeni tu. Zile za juu hazikubali. Laptop nyingi ndogo hazina namba za pembeni. Hapo ndani ya Word andika 2013 halafu Alt na X, namba inageuka kuwa deshi fupi. 2014 kwa ndefu. Wenye Mac ni Option na kistari, ukiongeza Shift inarefuka. Kwenye simu, ambako najua ndiko wengi mnaandikia, shikilia kistari bila kuachia, vingine vinajitokeza juu yake.

Dada mmoja hapa ameuliza aitumie ipi kwenye barua ya chama. Jibu langu litawaudhi wapenda deshi: kwenye hati ya kisheria, inapowezekana andika neno "hadi". Haki za msingi ziko ibara ya 12 hadi 29 ya Katiba. Ukiandika 12-29, msomaji mwenye nia mbaya anaweza kukuuliza ulimaanisha mbili au zote kumi na nane. Ukiandika "viwanja 14-18", je, ni viwanja vitano, au ni kiwanja kimoja chenye namba hiyo? Watu wa Likong'o waliopisha eneo la mradi wa gesi wanajua thamani ya mstari mmoja kwenye orodha ya fidia. Deshi iwekeni kwenye majedwali, ambako nafasi ni finyu. Deshi ndefu kwenye Kiswahili wala siipendi sana, mkato mara nyingi unatosha.

Lakini jedwali ndilo lenye mtego wenyewe, na hapa naomba tutulie.

Siku ya uchaguzi mkuu wakala wetu anapata nakala ya matokeo ya kituo: Fomu Namba 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Anapiga picha, anatuma kwenye grupu, na mtu mmoja anaingiza kwenye Excel. Tuseme kituo kinaitwa "Rasbura - 1". Kijana wa kwanza aliandaa orodha ya vituo kwenye Word. Kumbukeni nilichosema: nafasi, kistari, nafasi, na Word imeshakibadilisha kuwa deshi fupi. Orodha ikakopiwa, ikapestiwa kwenye Excel. Kijana wa pili anachapa matokeo moja kwa moja kwenye Excel, kwa kistari cha kawaida. Kwa macho yenu na yangu ni "Rasbura - 1" mbili zinazofanana. Kwa kompyuta ni vituo viwili tofauti. Ukiiambia ijumlishe kwa jina la kituo, kura zilizo upande mmoja haizihesabu. Tuseme ni kura 212. Haitoi kelele wala rangi nyekundu, jumla inakuja pungufu na wewe unaenda kubishana na msimamizi ukiwa na namba isiyo sahihi.

Sisi watu wa huku tuna balaa la ziada. Ng'apa. Likong'o. Ile alama ya ng' ina sura mbili: iliyonyooka na iliyopinda. Word na baadhi ya simu huweka iliyopinda, Excel huweka iliyonyooka. Kata moja inajigawa mara mbili kwenye jedwali letu wenyewe, wala hakuna aliyetuhujumu.

Dawa ipo. Kabla ya kujumlisha bonyeza Ctrl na H, ya kutafuta na kubadilisha. Sehemu ya juu pesti ile deshi fupi, ya chini andika kistari cha kawaida, kisha amuru ibadilishe zote. Rudia kwa alama ya ng'. Na mkiwa bado kwenye Word, ikigeuza kistari bila ruhusa yako, gonga Ctrl na Z papo hapo. Inarudisha kistari tu, maneno yako hayaguswi.

Mtego mwingine. Ukiandika 3-1 kwenye Excel ukimaanisha kata ya tatu kituo cha kwanza, yenyewe inadhani ni tarehe, inaandika Januari 3 au Machi 1 kutegemea ilivyopangwa. Ukijaribu kuirudisha kuwa maandishi inakupa namba ya ajabu ya tarakimu tano. Kwa hiyo kabla ya kuandika chagua safu nzima, Ctrl na 1, chagua maandishi. Hapo hata sifuri ya mwanzo kwenye namba za simu za mawakala haitapotea. Na kituo ambacho matokeo hayajafika usiweke kistari. Acha wazi, au andika "bado". Sifuri ni matokeo, kistari hakieleweki. Ukianza mstari kwa kistari ukiwa na maneno kama "-jumla", Excel inadhani unataka kutoa, inakuletea kosa.

Tukiwa huko huko: Alt na alama ya sawasawa hujumlisha safu iliyo juu yake. Ctrl na nukta mkato huweka tarehe ya leo, ukiongeza Shift huweka saa. Mimi ningetaka kila matokeo yanayoingia yawe na saa pembeni, ili tukiulizwa yalifika lini tusibabaike. Na haya yote hayahitaji bando. Oktoba 2020 tuliona mitandao ya kijamii ilivyobanwa. Excel iliyo kwenye laptop inaendelea kujumlisha.

Kaka wa mlangoni ameuliza tena, safari hii kwa upole: je, asiye na laptop? Atatumia ya steshenari au ya rafiki, na hapo vitufe vinakuwa suala la usalama. Unainuka kwenda kuchukua karatasi kwenye printa: Windows na L, kioo kinafungwa, ila hakikisha mwenye mashine yupo wa kukufungulia. Unafungua barua pepe: Ctrl na Shift na N kwenye Chrome, dirisha ambalo halihifadhi historia. Ukimaliza, chagua faili lako, Shift na Delete, lisibaki hata kwenye pipa la taka. Fundi mjuzi anaweza kulifufua, kwa hiyo bora kazi nzima ifanyike kwenye flashi yako, pasiseiviwe kitu kwenye mashine ile. Orodha ya mawakala yenye majina na namba za simu ni taarifa binafsi za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hatuwezi kuidai serikali iheshimu sheria huku orodha yetu imelala kwenye kompyuta ya mtu sokoni.

La mwisho kwa wachapaji. Kwenye Word, ndani ya mipangilio ya masahihisho ya moja kwa moja, unaweza kuifundisha kwamba ukiandika "jmtz" iandike "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Fanyeni hivyo kwa jina la chama, la jimbo, na la kila mgombea, kama lilivyo kwenye nyaraka zake, herufi kwa herufi. Jina likiingizwa sahihi mara moja, litatoka hivyo hivyo kwenye kila barua hata mchapaji awe amechoka saa tisa usiku.

Jumamosi tunafanya kwa vitendo. Laptop ziko tatu, kwa hiyo tutakaa wanne wanne, na kila kundi litapewa picha za fomu kumi za mfano na orodha ya vituo ambayo nimeichafua kwa makusudi, deshi na kistari vimechanganyika. Jumla sahihi ninayo kwenye bahasha. Njooni na flashi.