Chumba kimoja, watu 12



Tumetafuta biro hapa Goma mara tatu. Mwenye nyumba wa mwisho aliomba garanti ya miezi sita, na wengi wetu tuko na diplome bila kazi. Basi tutajenga wenyewe, pembeni ya parsele ya mama wa mwenzetu: mita 4 kwa 5, watu 12.

Wengine wanacheka. Lakini mwaka 2022 tulipinga visima vya mafuta ndani ya Virunga, huku tangazo letu tukiliandika kwa umeme wa jenereta ya esansi. Aibu ile ingali inatuuma.

Ukuta: chini jiwe la volkano, juu mbao za mikaratusi ya kupandwa, si mti wa pori. Jiwe Nyiragongo ilituletea bure mwaka 2002, bila sisi kuomba. Madirisha kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisitupige machoni. Klimatizeri ya nini, mji uko mita 1,500 juu!

Mabati ya mita 20 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, yanaleta karibu lita 200, ni bidoni 10. Dada zetu wanaoteka ziwani wanajua uzito wake.

Umeme: kompyuta 4 za wati 50, saa 5 kwa siku. Pano mbili za wati 200 na betri zinatosha. Siku ya mawingu tutazima mbili.

Meza 12 haziingii. Tutafunga ubao mmoja ukutani, upana sentimita 60, unaokunjwa. Watu 6 asubuhi, 6 mchana. Siku ya mkutano tunaukunja, wote tunakaa kwenye mabenchi yenye makaratasi ndani. Biro ya prezida haimo, kwa sababu prezida hatuna.

Choo ndicho kinatusumbua. Kuchimba jiwe lile si mchezo. Kwa sasa tutatumia cha mama, na tutakisafisha kwa zamu, wanaume pia.

Pesa ya pano bado. Mwanasiasa mmoja ametuma mtu, anataka kutusaidia. Tumemujibu hapana, ijapokuwa si wote tulifurahi. Tutachanga, hata franga mia tano mia tano, na hesabu itabandikwa mlangoni.

Tunaanza siku ya posho, baada ya salongo. Mwenye msumeno alete.