Tufani za Jua na Mipaka ya Vibanja

Wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa, kila mkulima wa kahawa na migomba ajua faida ya kupata habari za mvua kabla mawingu hayajatanda. Leo twapenda kuwaeleza hali ya anga ya namna nyingine, isiyo na mvua wala ngurumo, nayo yatoka katika jua.

Jua si taa iliyotulia. Usoni mwake mna madoa meusi, ambayo huongezeka na kupungua kwa muda wa miaka 11 hivi. Penye madoa hayo huweza kutokea mlipuko. Mwanga wake hutufikia kwa dakika 8 tu, na redio za masafa mafupi huweza kunyamaza katika nchi zilizo mchana. Pengine jua hutupa pia wingu kubwa la chembe zenye umeme, lifikalo kwetu kwa siku moja hata tatu. Wingu hilo likiipiga sumaku ya dunia, twaliita tufani ya jua.

Mwezi wa Septemba 1859, miaka miwili kabla Speke hajafika kwa Mukama Rumanyika, tufani kubwa ilivuruga nyaya za telegrafu za Ulaya na Marekani. Tarehe 13 Machi 1989, watu milioni 6 wa Quebec, nchini Kanada, walikosa umeme, wengine kwa saa 9.

Je, kwetu? Nyaya za umeme huhatarishwa zaidi katika nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Sisi tuna taabu nyingine. Mstari wa kati wa sumaku ya dunia hupita kaskazini kwetu, katika Ethiopia. Juu yake chembe za umeme za angani hunyanyuka, kisha huteremka kaskazini na kusini kama maji ya chemchemi. Jua likiisha kutua, hutokea humo mapovu, hasa karibu na Machi na Septemba, hata pasipo tufani. Ishara za setilaiti zipitazo humo hutetereka.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia kibanjani. Siku hizi mipaka hupimwa kwa vyombo vya GPS, ambavyo husikiliza setilaiti. Chombo kidogo cha mkononi huweza kukosea mita kadhaa. Na mita kadhaa ni safu nzima ya migomba, yatosha kuwagombanisha ndugu. Basi msitegemee kipimo kimoja. Pimeni asubuhi, rudieni siku nyingine mbele ya majirani, wala msiing'oe mimea ya mpaka waliyoipanda wazee.

Wataalamu hutabirije? Huyatazama madoa, na vyombo vilivyowekwa yapata kilomita 1,500,000 upande wa jua huliona wingu dakika 15 hata 60 kabla halijafika. Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo kilichoanza kukesha usiku na mchana mwaka 2022. Mwezi wa Mei 2024 watabiri wa Marekani walionya mapema juu ya tufani ya daraja la 4. Ilipokuja ikafika la 5, la juu kabisa. Utabiri huu, kama ule wa mvua, husaidia ingawa haukamiliki.

Mkisikia onyo, msiogope. Tufani ya jua haichomi migomba wala haileti ukame. Yatupasa kuwa na subira tu, na kupima tena.