Mabadiliko ya Dunia na Wanyama Wake, na Yale Yatupasayo

(Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, mjini Kisii)



Tumepewa na Kamati kazi ya kusema mbele yenu habari za mabadiliko ya dunia na wanyama wake tangu zamani za kale. Si jambo lililozoeleka katika mkutano huu. Kila mwaka huzungumza habari za karo, mazishi, madaraja na maji. Lakini mwaka huu walimu walituletea ombi, kwamba Chama kiwasaidie wanafunzi nauli ya kwenda kisiwa cha Rusinga na Makumbusho ya Kisumu, na ombi hilo limezua maneno. Wengine wamesema kwamba fedha za ustawi si za kwenda kutazama mifupa. Wengine, na hao twawaheshimu sana, wamehofu kwamba mafundisho hayo yatawatoa watoto katika imani ya wazazi wao. Yatupasa basi tulieleze jambo lenyewe kabla ya kulikatia shauri.

Sisi tufanyao kazi ya ofisi twajua jinsi faili lilivyo. Barua iliyofika kwanza hulala chini, na iliyofika jana hukaa juu. Ajaye kulisoma miaka ishirini baadaye, hata kama tarehe nyingine zimefutika, atajua ni jambo gani lililotangulia. Ardhi nayo hujipanga hivyo. Udongo, mchanga na majivu ya milima ya moto hulala tabaka juu ya tabaka, na mnyama afaye na kufukiwa upesi huweza kubaki humo, mifupa yake ikigeuka jiwe polepole. Mabaki hayo huitwa visukuku. Tarehe nazo hupatikana, kwa maana majivu ya volkeno yana madini ya potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka kuwa gesi iitwayo agoni kwa mwendo usiobadilika, mfano wa maji yadondokayo mtungini tone kwa tone. Apimaye gesi iliyokusanyika hujua tangu lini majivu yale yalipopoa.

Na tuanze nyumbani. Jiwe la Tabaka, ambalo mafundi wetu hulichonga na kuliuza hata ng'ambo, lilitoka katika volkeno, kisha likageuzwa ndani ya ardhi hata likawa laini. Miamba ya milima yetu ni mikongwe mno. Iliumbika kabla hapajawa na mnyama mwenye mfupa duniani. Na miamba ya Migori yenye dhahabu ni mikongwe kuliko hiyo, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,000. Ndiyo sababu mtu aweza kuchimba Manga au Tabaka maisha yake yote asipate ndani ya jiwe mfupa wa kale. Faili letu hapa lina kurasa za kwanza tu. Zilizofuata, mvua zilizichukua. Atazamaye mto Gucha wakati wa masika, maji yakiwa mekundu kwa udongo wa mashamba yetu, aona kwa macho yake kazi hiyo ikiendelea, nayo yote yaelekea ziwani.

Kwa hiyo kurasa zilizofuata yatupasa tuzitafute kwa jirani zetu wa kando ya ziwa, na bahati yetu ni njema, maana ni mwendo wa siku moja kwenda na kurudi. Rusinga wengi wenu mwaijua kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya, aliyezikwa huko mwaka 1969. Lakini kisiwa hicho kilijulikana na wataalamu wa ulimwengu kabla ya hapo. Tarehe 2 Oktoba 1948, Mary Leakey aliona huko fuvu la mnyama aitwaye Prokonsuli, wa jamii ya nyani wakubwa wasio na mkia, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Zamani hizo ziwa hili halikuwapo. Palikuwa na volkeno kubwa ya Kisingiri, na majivu yake yalifunika misitu iliyokuwa kando yake. Yalihifadhi si mifupa tu, bali hata matunda, mbegu na wadudu, vyote vikawa mawe. Palikuwa na mnyama wa jamii ya ndovu ambaye pembe zake zilitoka katika taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Hayupo tena popote duniani.

Upande wa Muhoroni nako, mahali paitwapo Daraja la Meswa, ilichimbwa mifupa ya mnyama mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote wa leo, aliyeishi yapata miaka milioni 22 iliyopita. Mifupa hiyo ilikaa katika droo ya makumbusho ya Nairobi miaka mingi bila kutambuliwa, mpaka wataalamu walipoitangaza mwaka 2019 na kumpa mnyama huyo jina la lugha yetu, Simbakubwa kutokaafrika. Wenyewe wasema hakuwa simba, wala hakuwa wa ukoo wa simba. Ukoo wake umekwisha wote. Na ng'ambo ya mpaka wa Nyamira, huko Fort Ternan katika Kericho, yalipatikana mwaka 1961 mabaki ya nyani mwingine wa kale pamoja na swala na twiga wa namna isiyokuwapo leo. Umri wao ni miaka milioni 14.

Lakini ukurasa utuhusuo zaidi uko katika rasi ya Homa, karibu na Kendu Bay. Mahali paitwapo Nyayanga wataalamu walieleza mwaka 2023 habari za zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko waliochinjwa kwa zana hizo. Ndugu zetu ambao kiboko ni mnyama wa heshima katika ukoo wao watatuwia radhi. Karibu na hapo, Kanjera, ziko zana nyingine za miaka yapata milioni 2, pamoja na mifupa ya swala na ya jamii ya pundamilia yenye alama za kukatwa. Wataalamu walipoyachunguza mawe ya Kanjera waliona kwamba baadhi hayakutoka hapo. Yalibebwa zaidi ya kilometa 10, na miongoni mwake yako ya jamii ileile ya miamba ya milima yetu, iliyoko mashariki ya rasi ile. Basi na isisemwe tena kwamba habari hizi ni za Wazungu au za watu wa mbali. Jiwe la upande huu lilikuwa kisu mikononi mwa viumbe wale, kabla hapajakuwa na Mgusii, Mjaluo wala Mkipsigis.

Ziwa lenyewe nalo halikuwa hivi siku zote. Kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita lilikauka, pakawa nyika, kisha likajaa tena. Samaki wadogo waitwao na Wajaluo fulu waliongezeka ndani yake hata wakawa mamia ya aina, kila aina na kinywa chake na chakula chake. Kisha, katika miaka ya 1950 na 1960, sangara alitiwa ziwani kwa mkono wa mtu, naye akaongezeka sana katika miaka ya 1980. Aina zipatazo 200 za samaki wale wadogo zinadhaniwa kuwa zimetoweka, kwa kuliwa na sangara na kwa kuchafuka kwa maji. Mama zetu walionunua samaki sokoni tangu ujana wao wanaweza kulisimulia jambo hilo bila kitabu. Kwa hiyo mabadiliko ya wanyama si ya mamilioni ya miaka tu. Mengine yametukia katika umri wa mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye hofu zilizotajwa. Chama hiki hakina mimbari, wala hatukutumwa kuhubiri. Miongoni mwetu wako Waadventista, Wakatoliki, na waumini wa makanisa mengine, na kila mmoja atayapima maneno haya mbele ya imani yake. Ila twakumbusha kwamba mmoja wa watu wa kwanza kukusanya visukuku katika ghuba hii alikuwa padre wa Kianglikana, Askidikoni Walter Owen, ambaye katika miaka ya 1930 alitafuta mifupa katika kisiwa cha Maboko. Ndiye yule yule aliyeongoza Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo tangu mwaka 1923. Alihubiri, akawatetea walipa kodi, na alipopata nafasi aliinama kuokota mawe. Zaidi ya hayo, mtoto wa siku hizi atayakuta mambo haya shuleni na katika simu yake, tupende tusipende. Twaona ni heri ayakute akiwa na mzee wake karibu, ambaye aweza kumuuliza na kumjibu, kuliko ayakute peke yake na kudhani kwamba wazee wake waliogopa swali.

Kuhusu fedha, twasema hivi. Kazi hii imewapa Waafrika heshima na riziki. Heselon Mukiri alichimba pamoja na Louis Leakey miaka mingi, na mwaka 1993 aina moja ya Prokonsuli wa Rusinga ilipewa jina lake. Kamoya Kimeu wa Ukambani, ambaye hakupata shule nyingi, ndiye aliyeona mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa Nariokotome huko Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita; mwaka uliofuata alitunukiwa nishani huko Marekani mbele ya Rais Reagan. Baada yao wametokea Wakenya wenye shahada za juu katika elimu hiyo, kama Emma Mbua na Fredrick Manthi. Hatuoni sababu kwa nini watoto wa Gusii, waliozaliwa karibu na mahali hapa kuliko wengi, wasiwe miongoni mwa watakaofuata.

Bwana Mwenyekiti, limebaki neno moja, nalo twaliona kuwa kubwa kuliko nauli. Koo zetu zina wanyama wao: chui, pundamilia, kiboko na wengineo. Watoto wetu huwataja wanyama hao kwa majina ya heshima, lakini ni wangapi waliomwona pundamilia akila majani katika nchi hii? Mahali pa misitu pamekuwa mashamba. Kahawa iliingia katika miaka ya 1930, chai ikafuata, na mikaratusi imepandwa mahali palipokuwa na chemchemi. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba tulitoka Mlima Elgon, tukapita Kano, tukakaa Kabianga ambako baridi na maradhi viliwashinda watu na ng'ombe, ndipo tukapanda milima hii. Nchi waliyoikuta hapa ilikuwaje? Mito ipi ilikuwa na viboko? Chui alisikika mwisho kilima gani? Ndege gani aliyekuwa akitangaza mvua ambaye haji tena?

Hakuna volkeno iliyoyafukia majibu hayo ili wajukuu waje kuyafukua. Yamo vichwani mwa wazee walioketi mbele yetu leo, na tangu mkutano wa mwaka jana tumewazika kadhaa waliokuwa nayo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeandika kwa uangalifu michango ya mazishi yao, kila shilingi na jina la aliyeitoa, waliyoyaona hatukuyaandika.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, Chama kitoe nauli na chakula cha siku moja kwa wanafunzi watakaochaguliwa na walimu, na pamoja nao waende wazee wawili, mmoja wa Kisii na mmoja wa Nyamira. Pili, kila tawi liwe na daftari moja, na vijana wanaojua kuandika wawaendee wazee wakaandike habari za misitu, mito, wanyama na samaki wa utoto wao, pamoja na jina la mzee, mahali na mwaka kama unajulikana. Tatu, mwanachama akichimba kisima, choo au msingi, akaona mfupa mzito kama jiwe au jiwe lililochongwa kwa namna ya ajabu, asilivunje wala asiliuze. Aache mahali palivyo na kutoa taarifa, maana Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yataka hivyo.

Gharama ya madaftari ni ndogo, na Karani yuko tayari kuyagawa leo baada ya mkutano. Twawaomba wazee wasiondoke kabla vijana wa matawi yao hawajapatana nao siku ya kuwatembelea.