UDONGO NAO UNA MSHAHARA WAKE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo tumepewa nafasi ya kusema juu ya shamba, wala tusidhani kwamba hilo ni jambo la kando. Wengi wetu tuna kipande cha ardhi nyumbani, na siku ya kustaafu ndiko tutakakorudi. Kiinua mgongo kitakwisha. Kitakachobaki ni udongo. Basi yatupasa kuuliza: udongo huo tutaukuta una nguvu, au tutaukuta umechoka kabisa?

Sisi wa chama twajua kwamba mtu akifanyishwa kazi kila siku bila malipo wala chakula, nguvu humwisha. Udongo ni vivyo hivyo. Kila gunia la mahindi la kilo 90 likitoka shambani, hutoka na zaidi ya kilo moja ya naitrojeni, yaani chakula cha mimea kilichokuwa udongoni. Ikiwa mabua nayo yameuzwa au kuchomwa moto, na samadi imepelekwa kwa jirani kwa fedha, basi udongo umefanya kazi msimu mzima bila kupata hata senti.

Mshahara wa udongo ni vitu vinavyooza: majani, mizizi, mabua na samadi. Vikiisha kuoza huwa mboji, ile inayoufanya udongo uwe mweusi na mwororo. Mboji hushika maji ya mvua, huunganisha chembe za udongo zisichukuliwe ovyo, hutunza chakula cha mimea, na hulisha nyungunyungu na vijidudu vingine tusivyoviona. Tukilima mara kwa mara na kuuacha udongo wazi juani, vijidudu hula mboji upesi, na sehemu kubwa hupotea hewani. Sisi wa reli tumeona jambo hili kwa macho: tuta lenye majani hushika wakati wa masika, lakini lililo tupu huchimbwa na maji hata reli ikawa hatarini.

Haya si maneno ya kukisia. Huko Kabete, karibu na Nairobi, wataalamu walianza jaribio mwaka 1976 katika udongo mwekundu, wakipanda mahindi na maharagwe kwa zamu. Baada ya miaka 18 walifanya hesabu. Mahali palipoondolewa mabua na pasipotiwa kitu, mavuno ya wastani yalikuwa tani 1.4 kwa hekta. Mahali palipoachwa mabua, pakatiwa samadi na mbolea ya dukani, yalikuwa tani 6.0. Ni zaidi ya mara nne, na mvua ni ile ile. Tena mboji ilipungua hata mahali palipotunzwa vizuri, ingawa si sana kama palipoachwa bila kitu. Hiyo ndiyo sababu udongo hautosheki na malipo ya mara moja.

Wengine watasema, sisi tunatuma fedha za mbolea kila mwaka, yatosha. Mbolea ya dukani ni msaada mkubwa, wala hatuikatai. Lakini hiyo hulisha mmea zaidi kuliko udongo. Tena mbolea ya DAP ikitiwa miaka mingi huongeza uchachu wa udongo, mpaka itakiwe chokaa. Mbolea na samadi zifanye kazi pamoja, kama dereva na fundi wa injini.

Na tukumbuke Machakos. Katika miaka ya 1930 ardhi ile ilikuwa imekonda na kuchimbwa na mvua, nao watu walibanwa mahali padogo kwa sababu ardhi nyingine ilichukuliwa na walowezi. Serikali ya kikoloni ilisema kosa ni la ng'ombe, na mwaka 1938 ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumlalamikia Gavana. Lakini tazama yaliyofuata. Kufika mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Ni nini kilichofanya hivyo? Ni matuta ya fanya juu, samadi, miti, na vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wao walikuwa kina mama. Na sehemu ya fedha zilizojenga mashamba yale ilikuwa mishahara ya watu waliofanya kazi mijini, watu kama sisi.

Kwa hiyo, ndugu, twaomba mambo manne. Kwanza, mabua yasichomwe. Ng'ombe wakila, samadi irudi shambani. Pili, samadi iwekwe kivulini na kufunikwa, kwa sababu jua na mvua huondoa nguvu yake. Tatu, maharagwe, kunde au mbaazi zipandwe pamoja na mahindi au kwa zamu, na udongo ufunikwe kwa majani. Nne, tusipige simu kutoka mjini kusema uza mabua, uza samadi, bila kumwuliza anayelima. Wake zetu na mama zetu ndio wanaoshika jembe, nao wanaujua udongo ule kuliko sisi tunaofika wakati wa likizo. Chama hudai kwamba mfanyakazi asikilizwe. Basi na yule wa shambani asikilizwe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila msimu tuandike kilichotoka shambani na kilichorudi. Tunayodai kwa mwajiri, sisi nasi tuyatimize kwa udongo.