Mpira Ulitoka Wapi?



Leo tuongee juu ya mpira wa miguu. Hapa Kolwezi vijana hubishana: mpira ni wa nani? Mmoja anasema ni wa Katanga, ekipe kubwa zilizaliwa huku, ninyi wa Kasai muliukuta. Ubishi unaanza kwa kicheko; mwisho wake mtoto anaondolewa uwanjani kwa sababu ya jina la baba yake. Wale waliofukuzwa mwaka 1992 na 1993, wakalala kwenye vituo vya treni, Likasi na hapa kwetu, wanajua maneno ya namna hii hufika wapi.

Basi tuufuate mpira wenyewe. Wachina walicheza mpira kwa miguu zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mchezo wao uliitwa cuju. Waingereza wanasema ni wao, maana sheria zake ziliandikwa London mwaka 1863. Wabishane wao. Kwetu uliletwa na wazungu. Ekipe tunayoiita leo Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939, pale Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Na watazamaji walitoka wapi? Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali, na reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 iliunganisha Kasai na shaba. Katika kambi za kampuni, Mluba, Mlunda, Msanga na Mbemba walipakana mlango kwa mlango.

Sasa kumbukeni mwaka 1974, Kombe la Afrika, mjini Cairo. Nchi yetu iliitwa Zaire. Fainali tulikutana na Zambia, jirani zetu wa shaba: 2 kwa 2. Siku mbili baadaye mchezo ukarudiwa: 2 kwa 0. Mabao yetu yote 4 alifunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Luluabourg, ndiyo Kananga, kule Kasai. Mimi sijasikia Mkatanga aliyelikataa kombe lile!

Wazee wa mitaa, nina ombi. Mnapoandika majina ya watoto wa ekipe, ulizeni umri na mtaa wanamolala. Kijiji cha babu msiulize. Na ninyi wazazi mliorudi, au mliofika karibuni, waleteni watoto uwanjani hata kama hawana viatu. Wengi wetu tulianza na mpira wa matambara.