Siku ya Arobaini na Moja



Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alipanda basi kutoka Tanga, na begi moja na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na pilipili manga, tangawizi kavu na chupa ya samli. Kwa siku arobaini sikushika ufagio. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na kila aliponipikia uji alikaa mbele yangu mpaka bakuli liishe. Mtoto akilia, anamchukua: "Lete huyo, wewe kula kwanza." Arobaini ilipotimia mtoto akanyolewa, tukala pilau na majirani, mama mkwe akafunga begi lake. Siku ya arobaini na moja nilikunywa chai nimesimama.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka sita. Tena kusema nilikunywa ni kujisifu. Saa kumi na moja alfajiri namimina kikombe, nakiweka juu ya friji. Mtoto mmoja haoni soksi, mwenziwe analia nywele zimekazwa mno, basi la shule linapiga honi kule kona ya msikitini, nami bado napiga pasi blauzi ya kazini. Jioni nikirudi kikombe kiko palepale, chai imeota utando, sisimizi wamejipanga ukingoni.

Mwaka jana nikampeleka mdogo zahanati, kifua kilikuwa kinambana. Muuguzi, mama wa makamo, alipomaliza na mtoto akaniambia, "Na wewe lete mkono." Presha ilisoma 150 kwa 100. Akasubiri, akapima tena, vilevile. Akaniuliza, "Mwanangu, leo umekula nini?" Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilichokumbuka ni kipande cha chapati alichobakiza mtoto.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama mkwe na bakuli lake. Sisi tunajua kumtunza mzazi, msikilizaji. Tunajua vizuri sana, kwa siku arobaini. Baada ya hapo tunamwambia, jikaze, watoto wakikua utapumzika. Na baba ndiyo kabisa, hakuwekewa hata siku moja ya kuulizwa kama amekula.

Siku hizi habari za kujitunza zimejaa kwenye simu: saluni, hoteli za ufukweni, wikiendi Zanzibar. Sina ubaya nazo, mwenye uwezo aende. Lakini mtu anayepanda daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi akisikia hayo hujiona hahusiki, akaacha na lile dogo ambalo angeliweza. Na dogo ndilo linalodumu. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja la kula, la kunywa au la kunyoosha viungo, akalifanya kila siku baada ya kitu kilekile, mathalani baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo liwe mazoea, lifanyike bila mtu kujilazimisha. Wapo waliofika kwa siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Tena waligundua kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Hilo ndilo lililonipa moyo, maana mzazi lazima ataruka. Mtoto ataamka na homa, dada wa kazi ataaga ghafla, maji yatakatika.

Wiki 12, ukihesabu, ni siku 84. Ndizo siku za likizo ya uzazi anazopewa mama katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Baba amewekewa siku tatu. Sheria hiyohiyo inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima, na mama anayenyonyesha apewe hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Nimefanya kazi ofisini miaka kumi na moja, saa yangu ya mchana nikiila mbele ya kompyuta, na kwa kweli hakuna aliyeniamuru. Niliona haya kuonekana nimekaa. Mwanamke aliyekaa tumezoea kumwita mvivu. Naomba wewe unayenisikiliza ukiwa njiani kwenda kazini, leo saa hiyo ikukute nje, kwenye kivuli, na sahani yako. Mama ntilie hana mwajiri wa kumdai saa hiyo, ana jirani wa meza ya pili. "Niangalizie hapa nile" si ombi kubwa, na kesho utamwangalizia yeye.

Mimi nilichagua chai. Nilimwambia baba watoto kwamba soksi na honi ni zake mpaka kikombe kiishe, na kwamba nitakunywa nimekaa, kwenye kigoda alichokuwa akikalia mama mkwe, mlangoni mwa jiko. Wiki ya kwanza soksi zilivaliwa rangi mbili. Wiki ya tatu niliruka siku nne mfululizo, mdogo alilazwa, kisha nikarudi kigodani. Sikuzihesabu siku 66. Nilijua imekuwa mazoea asubuhi moja jirani alipobisha hodi kutaka chumvi, nikamsikia yule mdogo akimjibu kwa sauti ya bibi yake kabisa: "Mama yupo, lakini subiri. Anakunywa chai."