Sangara na Sinema Mbaya

Juma hili tuzungumzie sinema mbaya. Sina maana ya zile za vibanda vya video, ambamo jambazi hupigwa risasi kumi na bado akahutubia. Hizo hazimdhuru mtu. Nina maana ya sinema mbaya iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa "Darwin's Nightmare", iliyopigwa Mwanza, juu ya sangara na ndege zilizompeleka Ulaya. Mwaka 2006 ilishindania tuzo ya Oscar, na Julai mwaka huo huo Rais Kikwete akaishutumu hadharani. Sisi wa Kimwani na visiwa vya Muleba, tunaoishi kwa samaki huyo huyo, tunayo haki ya kuikagua.

Ubaya wake uko wapi? Haina msimulizi. Inaweka picha ya ndege karibu na picha ya watoto wenye njaa, kisha inanyamaza ili mtazamaji ajiunganishie mwenyewe. Mtengenezaji anauliza tena na tena: ndege hizi zinakuja na nini? Anataka tuseme silaha. Lakini katika sinema nzima hakuna sanduku hata moja la bunduki tunaloliona likishushwa Mwanza. Ushahidi wake mzito ni rubani anayekiri kupeleka vifaru Angola na kurudi na zabibu kutoka Johannesburg. Angola! Zabibu! Sangara wetu kaingiaje hapo?

Halafu kuna mvuvi. Anakopeshwa nyavu na mashine na tajiri, kisha anamuuzia tajiri huyo huyo samaki kwa bei asiyoipanga yeye. Huo ndio umaskini wa mwaloni, lakini sinema inaupita mbio kwa sababu hauna mlio wa ndege.

Hata hivyo, waliojibu kwamba mapanki ni chakula cha kuku tu nao walitia chumvi. Kichwa na mgongo vinavyobaki minofu ikishakatwa kiwandani vimekaangwa na kuliwa na watu kandokando ya ziwa hili. Hilo Sauper hakulibuni. Na kwa kuwa picha hiyo ni ya kweli, mtazamaji wa Paris atajuaje ni wapi ukweli umeishia na dhana ikaanza?

Siku Mtanzania atakapoipiga upya sinema hiyo, mimi ningemshauri asianzie uwanja wa ndege. Aanzie kwenye daftari la madeni la tajiri wa mwalo.